Rafiki Yangu Ana Miaka 79

Barua tano zinazojibiwa katika safu ya mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, lakini zote zinahusu jambo moja, nalo ni urafiki kati ya kijana na mwanamke mzee ambaye si bibi yake wa kuzaliwa, wala si mgonjwa aliyekabidhiwa kumtunza. Nimezifupisha pale zilipokuwa ndefu, na majina nimeyaondoa kwa ombi la walioziandika.

Wenzangu wananicheka

*Mpendwa Mshauri, mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 24. Mwaka jana nilikuwa kwenye kliniki ya macho nikingoja zamu yangu, na bibi aliyeketi kando yangu akaniomba nimsomee maandishi madogo yaliyokuwa kwenye chupa ya dawa. Nilimsomea, tukaanza kuzungumza, na hadi leo hatujaacha. Ana miaka 79, ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na kila Jumamosi alasiri huwa nakwenda kwake. Ananifundisha kufuma, nami namsaidia kupanga picha zake za zamani kwenye kompyuta, lakini muda mwingi tunabishana kuhusu habari za redioni, kuhusu hesabu, na kuhusu kama nirudi masomoni au niendelee na kazi. Hakuna mtu wa rika langu ninayemwambia ninayomwambia yeye. Tatizo ni wenzangu. Wanasema nimekosa marafiki ndiyo maana nimejificha kwa kizee, na mmoja ameniuliza waziwazi kama ninanyemelea nyumba yake. Sasa nimeanza kujiuliza: je, nina kasoro? Huu ni urafiki kweli, au ninajidanganya?*

Huna kasoro yoyote, na huo ni urafiki wa kweli. Sisemi hivyo ili kukufariji. Ushahidi umo ndani ya barua yako mwenyewe, pale unaposema kwamba mnabishana. Anayemtembelea mzee kwa kumhurumia habishani naye. Humwitikia kila neno, hutabasamu, kisha hutazama saa. Wewe unamkatalia, naye anakukatalia, na Jumamosi inayofuata mnaonana tena. Hapo kuna watu wawili wanaoheshimu akili ya kila mmoja, na sijui ni kitu gani kingine tungekiita urafiki.

Wenzako wanadhani kwamba ni jambo la kimaumbile mtu kupatana na wa rika lake tu. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya jambo hilo hutokana na jinsi tulivyopangwa. Tangu utotoni tunawekwa darasani kwa kufuata miaka ya kuzaliwa, kisha tunaingia kazini ambako wenye umri wa bibi huyo wamekwisha kustaafu, na hata burudani zetu zimegawanywa kwa marika. Mwaka 1950 wanasaikolojia Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu familia za wanafunzi zilizoishi katika nyumba za chuo kimoja nchini Marekani, nao wakaonyesha kwamba watu walipata marafiki hasa miongoni mwa wale ambao milango yao ilikuwa karibu, au ambao walipita ngazi moja nao kila siku. Urafiki ulifuata njia za miguu yao. Vijana na wazee hawana ngazi ya pamoja, na ndiyo maana ninyi wawili mlihitaji benchi la kliniki ili mfahamiane.

Halafu kuna suala la muda. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wasiojuana huhitaji saa zipatazo 50 za kuwa pamoja ili wafikie hatua ya kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Saa hizo ndizo ambazo wengi wetu hatumpi mtu yeyote. Wewe umezitoa Jumamosi hadi Jumamosi, tena mikono yenu ikiwa na kazi ya kufanya, na mazungumzo mazuri mara nyingi huja mikono inapokuwa na shughuli na macho hayalazimiki kukutana.

Kwa nini mambo yako mengine unaweza kumwambia yeye na usiweze kumwambia mwenzako wa miaka 24? Kwanza, hamshindanii chochote, iwe kazi, mchumba au sifa mbele ya kundi. Pili, kuna jambo kuhusu kumbukumbu ambalo vijana wengi hawalijui. Watafiti wa kumbukumbu wamebaini mara nyingi kwamba watu waliovuka miaka 40, wanapoulizwa kuhusu maisha yao, hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata walipokuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Maana yake ni kwamba miaka unayoishi wewe sasa, yenye maswali ya kazi, masomo na nani wa kumpenda, ndiyo miaka ambayo rafiki yako huenda anaikumbuka vizuri kuliko mingi iliyofuata. Unapomweleza wasiwasi wako, anaujua kwa undani, na zaidi ya hapo anajua jinsi wasiwasi wake mwenyewe ulivyoisha, jambo ambalo mwenzako wa rika lako hawezi kukupa hata akikupenda namna gani.

Naye pia amekuchagua. Profesa Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza kwamba watu wanapohisi muda uliobaki umepungua, hupunguza wenyewe idadi ya watu wa kushirikiana nao, wakabaki na wale wanaowapa maana na utulivu wa moyo. Mwanamke wa miaka 79 hana sababu ya kuzipoteza Jumamosi zake kwa mtu asiyempenda. Kama angekuwa amekuchoka, naamini mwalimu wa hisabati angekuambia.

Kuhusu dhihaka ya kwamba umekosa marafiki, waambie wenzako kwamba upweke hauchagui umri. Ripoti ya kamisheni ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na miongoni mwa wenye umri wa miaka 13 hadi 29 waliosema wanahisi upweke walikuwa kati ya asilimia 17 na 21. Kwa hiyo picha ya kijana mwenye kila kitu anayekwenda kumwokoa mzee asiye na kitu haina ukweli. Inawezekana kabisa kwamba siku ile kwenye kliniki ninyi wote wawili mlikuwa mnahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Swali la nyumba ni baya, lakini usilipuuze, kwa sababu watoto wake wanaweza kuwa nalo moyoni bila kulitamka. Lijibu kwa mwenendo wako. Usimkope fedha. Usipokee kitu chenye thamani kubwa bila jamaa zake kujua. Usishike kadi yake ya benki wala namba ya siri hata akikuomba umsaidie, bali mwelekeze kwa ndugu anayemwamini. Mwombe akutambulishe kwa watoto wake mapema, siku ya kawaida, kabla hapajatokea ugonjwa au mgogoro. Kinachofanyika mchana kweupe hakiwapi watu nafasi ya kukibunia hadithi.

Neno moja zaidi, nalo nalisema kwa upole. Usiache kuwatafuta wa rika lako pia. Rafiki yako ana miaka 79, na kwa kawaida ya maisha utamzika wewe. Siku hiyo utahitaji watu wa kukaa nawe, na yeye mwenyewe, kama anakupenda jinsi barua yako inavyoonyesha, angependa kuondoka akijua kwamba unao.

Hanisikii, na hadithi ni ileile

*Rafiki yangu mwenye miaka 80 nampenda sana, lakini nikirudi nyumbani nakuwa nimechoka. Inanibidi nipige kelele ndipo anisikie, na kila mara ananisimulia kisa kilekile cha safari yake ya treni alipokuwa msichana. Nifanye nini bila kumvunjia heshima? – Msichana, miaka 21*

Acha kupiga kelele, kwani kelele ndizo zinazowachosha wote wawili. Uziwi wa uzeeni kwa kawaida huanza kwa kupoteza sauti nyembamba, na konsonanti kama s, f, t na sh ndizo zinazopotea kwanza, huku irabu zikisikika vizuri. Mzee husikia kwamba unazungumza, ila maneno humfikia yakiwa nusunusu. Ukipaza sauti unakuza irabu alizokwisha kuzisikia, na uso wako unakaa kama wa mtu aliyekasirika. Zima redio, keti mbele yake mahali ambapo mwanga unaangukia uso wako ili aione midomo, sema polepole kwa sauti ya kawaida, na asipoelewa sentensi ibadilishe maneno badala ya kuirudia ilivyo. Mshauri pia apimwe masikio. Kamisheni ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, iliutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kushughulikiwa, na kutengwa na watu pia kumo humo.

Kuhusu treni, nakuomba ubadilishe namna ya kusikiliza. Zamani hata wataalamu walidhani kwamba mzee anayerudia ya zamani ameanza kuchoka akili. Daktari Robert Butler wa Marekani alilipinga wazo hilo mwaka 1963, akaeleza kwamba kuyapitia maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida na ya lazima ya uzeeni, ambayo kwayo mtu hujaribu kuyapatanisha mambo aliyoyafanya na yale aliyoyakosa. Kisa kinachorudi kila mara huenda kina sehemu ambayo bado haijasemwa. Umewahi kumuuliza nani alimsindikiza kituoni? Alikuwa anakwenda, au anakimbia? Alibeba nini? Alipofika alimwandikia nani barua? Swali dogo la namna hiyo hulitoa simulizi kwenye njia iliyozoeleka, na mara nyingi utashangaa ulikuwa hujawahi kuisikia safari yenyewe. Ikiwa, hata hivyo, anarudia jambo hilohilo mara kadhaa ndani ya saa moja bila kujua kwamba amekwisha kulisema, hilo ni suala lingine, na nitalifikia katika barua ya mwisho.

Anazo siri za mama yangu

*Mama yangu ana miaka 76 na anaishi peke yake. Kwa muda sasa anatembelewa na mwanamke wa miaka 27 ambaye zamani alikuwa mpangaji wa jirani yake. Wanakwenda pamoja maktaba, wanapigiana simu usiku. Juzi niligundua kwamba huyo binti alijua mama alianguka bafuni, nami sikuwa najua. Niliumia sana. Ndugu zangu wanasema huyo ni tapeli. Mimi sina hakika, ila sitaki kuja kujuta. Nimkataze? – Binti wa kwanza, miaka 50*

Dada yangu, barua yako ina hofu na ina maumivu, navyo vinahitaji majibu tofauti. Nitaanza na hofu.

Huna sababu ya kuona aibu kwa kuwa mwangalifu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hufanyiwa ubaya wa aina fulani katika mwaka mmoja, iwe kuporwa mali, kutukanwa, kutelekezwa au kupigwa. Lakini ndugu zako wakumbuke pia kwamba mara nyingi anayetenda ubaya huo ni mtu wa ndani ya familia, kwa hiyo kumwekea mgeni macho yote si ulinzi wa kutosha. Dalili za kutazama ni hizi: mama anaanza kutengwa na watu wake wa zamani, ziara zinafanywa kwa siri, fedha zinatoka kwa maelezo yasiyoeleweka, hati au wosia unabadilishwa haraka, au mama anaonekana kuogopa mbele ya mtu fulani. Katika barua yako sikuona hata moja. Nilichoona ni mwanamke wa miaka 76 anayekwenda maktaba na ana mtu wa kumpigia simu usiku. Mtu mwenye nia ya kumwibia mzee hujitahidi kumfungia ndani, na huyu anamtoa nje.

Sasa nije kwenye maumivu. Mama hakukuficha kuhusu bafuni kwa kuwa anampenda huyo binti kuliko wewe. Nadhani, na nimesikia wazee wengi wakisema hivi, kwamba alikuficha kwa sababu wewe una uwezo wa kuyabadilisha maisha yake. Mtoto akisikia mama ameanguka, kesho yake huanza mjadala wa kumhamisha, kumtafutia msaidizi, kumkataza kupanda ngazi. Rafiki akisikia, humuuliza kama ameumia na ilikuwaje. Mzazi anahitaji mahali pa kuitamka hofu yake kabla haijageuka kuwa uamuzi wa watu wengine, na pengo hilo mtoto hawezi kulijaza hata awe mwema kiasi gani, kwa sababu upendo wake una mamlaka ndani yake.

Kwa hiyo usimkataze. Kumkataza mtu mzima mwenye akili timamu asichague marafiki ni kumvunjia heshima, na mama yako atakachojifunza kutokana na katazo hilo ni kukuficha zaidi. Mwambie ungependa kumfahamu rafiki yake. Nenda siku ambayo binti huyo atakuwepo, ukae nao, usimhoji kama askari. Baada ya hapo mpe namba yako ya simu na umwombe, mbele ya mama, akupigie pale tu patakapokuwa na hatari ya kweli. Mambo mengine ayahifadhi. Naye kuanguka kwenyewe kusiachwe hivihivi: mama aonane na daktari ili dawa anazotumia, shinikizo la damu, macho na miguu vichunguzwe, na bafuni pawekwe chuma cha kushikilia. Ukilileta jambo hilo kama mpango mnaoupanga pamoja, nina matumaini kwamba safari ijayo utaambiwa mapema.

Naogopa kumpotezea ujana wake

*Mimi ni mwanamke wa miaka 81. Nina rafiki, msichana wa chuo mwenye miaka 22, anayenitembelea na kunieleza mambo yake yote. Furaha anayoniletea siwezi kuieleza. Lakini usiku nawaza: huyu mtoto angepaswa kuwa na wenzake, akicheza na kucheka, wala si kukaa na mtu anayeelekea kaburini. Nifikirie kujitenga naye kidogo kidogo?*

Bibi, shikamoo. Nakuomba usijitenge naye. Ukianza kupunguza maneno na kuchelewa kupokea simu, hataelewa kwamba unamhurumia. Ataelewa kwamba amekukosea, na atatafuta kosa ambalo hakulifanya. Kama una wasiwasi huo, mwambie yeye mwenyewe kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, kisha umwache ajibu. Ana miaka 22, anaweza kuamua mwenyewe Jumapili yake aitumie na nani.

Unajiona kama mtu anayepokea tu. Ruhusu nikueleze habari ya mabibi wa Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare pamoja na wanawake wazee 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Hapakuwa na madaktari wa kutosha wala vyumba, basi mabibi hao walifundishwa namna ya kumsikiliza mtu mwenye huzuni na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakaketi naye nje ya kliniki kwenye benchi la mbao. Utafiti wa kulinganisha uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, watu waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi za msongo na huzuni kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka ya Zimbabwe. Kilichowavuta watu kwa mabibi wale ni uwezo wao wa kukaa na mtu bila haraka na bila kushtuka, na uwezo huo nadhani ndio anaoufuata msichana wako.

Nikikushauri jambo, ni haya machache. Akikueleza shida, muulize kwanza kama anataka ushauri au anataka kusikilizwa, maana vijana wengi huacha kusema wanapoona kila neno linajibiwa kwa wosia. Usimlinganishe na vijana wa enzi zako. Mweleze na wewe yako, yakiwemo yale ambayo bado yanakuuma na yale unayoyaogopa, kwa sababu urafiki ambao mmoja tu ndiye anayefungua moyo huchosha pande zote. Mkizungumzia kifo, usikwepe. Kuna mambo kuhusu kifo ambayo kijana hana pa kuyauliza, na kutoka kwako atayasikia bila vitisho. Na akipata mchumba, kazi au safari ya mbali, mwonyeshe kwamba umefurahi, na umpe anwani yako tena hata kama anayo.

Wanasema nisiende tena, kwa kuwa hanikumbuki

*Rafiki yangu ana miaka 84. Tumejuana tangu nilipokuwa mwanafunzi niliyepanga chumba nyumbani kwake. Sasa nina miaka 29. Tangu mwaka jana anasahau. Ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki, anauliza jambo hilohilo mara tano, na wiki iliyopita nilikuta jiko linawaka bila sufuria juu yake. Niliogopa kumsemea kwa watoto wake. Mpwa wake mmoja ameniambia nisijisumbue kuja tena, kwa sababu nikitoka tu anakuwa amesahau kwamba nilikuwepo. Je, nina sababu ya kuendelea?*

Unayo, na nitaieleza, lakini jiko linatangulia. Waambie watoto wake leo. Siri za rafiki huhifadhiwa, hatari ya moto haihifadhiwi, na yeye mwenyewe siku alizokuwa na nguvu zake asingetaka nyumba yake iungue kwa sababu wewe ulimwonea haya.

Pamoja na hilo, waombe wampeleke kwa daktari kama hawajafanya hivyo. Watu wengi huona usahaulifu wa uzeeni ni jambo la kukubaliwa tu, ilhali upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na vyote hivyo vina tiba. Ikiwa siku moja utamkuta amechanganyikiwa ghafla, tofauti kabisa na jana yake, usingoje, kwa kuwa badiliko la ghafla namna hiyo kwa mzee mara nyingi linatokana na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya, na huhitaji daktari siku hiyohiyo.

Sasa nimjibu mpwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha watu wenye ugonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu vya kufurahisha na vya kuhuzunisha. Baada ya muda mfupi wengi wao walikuwa wamesahau walichokitazama, lakini furaha au huzuni iliendelea kubaki ndani yao, hata kwa yule asiyeweza tena kueleza imetoka wapi. Kwa hiyo mpwa anaposema kwamba ukitoka tu anasahau ulikuwepo, huenda ni kweli kuhusu tukio lenyewe, lakini utulivu uliomwachia unaweza kubaki naye alasiri nzima. Kwa mtu ambaye dunia inazidi kuwa ngeni kwake kila siku, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Namna ya kumtembelea itabidi ibadilike. Nenda saa ileile kila mara, hasa asubuhi kama ndipo anapokuwa mchangamfu. Jitaje jina unapoingia, wala usimuulize, "Unanikumbuka?", kwa sababu hilo ni jaribio analojua kwamba atalishindwa. Sema jambo moja kwa wakati. Akikuita kwa jina la dada yake usianze kumkumbusha kwamba dada amekufa, kwani anaweza kuupokea msiba huo upya kila mara. Muulize dada alikuwa mtu wa namna gani, umwache aeleze. Mpelekee nyimbo za ujana wake. Mpe mikono yake kazi aliyoizoea, kukunja nguo au kupanga vifungo, na ukae naye mkiifanya pamoja. Siku nyingine atakufukuza au atakuwa mkali. Ondoka kwa utulivu na urudi wiki inayofuata.

Kinachobaki ni nafasi yako mbele ya familia, na hapa ndipo marafiki wa namna yako huumia kimyakimya. Hospitali ina fomu ya ndugu, msiba una orodha ya jamaa, na katika karatasi zote hizo hapana mstari wa kijana aliyewahi kupanga chumba. Usisubiri hadi hapo. Unapokwenda kuwaeleza watoto wake kuhusu jiko, waeleze pia wewe ni nani kwake na mmejuana tangu lini, wape siku na saa utakazokuwa ukifika ili wazihesabu katika mpango wao wa kumwangalia, acha namba yako ya simu kwa yule mwenye busara zaidi miongoni mwao, na umwombe waziwazi kwamba mama yao akilazwa, au likitokea jingine lolote, nawe upigiwe simu siku hiyohiyo.